Swali la Kumi na Nne

Ba Jere alikosea, na tusiseme vingine. Jumatano asubuhi, jua halijapita hata mapaa ya bati, alikuja akajilaza chali mlangoni pa Bana Nkandu, miguu nje, kichwa kwenye kizingiti, akaanza kupiga kelele mtaa mzima wa Kalengwe usikie.

"Sitoki! Sitoki hapa mpaka nipewe jogoo! Kasonde, mvivu mkubwa we, umeona kazi imekuzidi ukaenda kulala chini ya ardhi? Ninyi Wabemba mnajua kula nyani na kulala tu! Amka, mzee, leteni jogoo wangu!"

Watu waliokuwa wakienda bombani walisimama na ndoo zao. Mmoja akacheka, akaona wenzake hawacheki, akajifanya anakohoa. Ba Jere ni Mngoni, na kwetu huku Wangoni na Wabemba ni watani. Akifa Mbemba, Mngoni ndiye wa kwanza kufika kumtukana. Hudai kuku, hulala mlangoni, huzuia jeneza lisipite mpaka apewe chochote, na wafiwa hucheka huku machozi yanawatoka. Ni heshima, tena heshima kubwa. Ila ina wakati wake.

Bana Nkandu alitoka na ndoo ya kudekia. Jina lake mwenyewe ni Mwaba, lakini tangu azae kifungua mimba wake hakuna anayemwita hivyo. Ni mama yake Nkandu, basi. Aliweka ndoo chini, akamtazama yule mzee aliyelala miguuni pake.

"Ba Jere, umefuata nini?"

"Jogoo, shemeji. Huyu mume wako..."

"Nani amekufa hapa?"

Ba Jere aliinua kichwa kutoka kwenye kizingiti.

"Nakuuliza, mtani. Wewe unajua kazi yako. Mngoni halali mlangoni pa mtu bure. Nani amekufa?"

Ba Jere aliinuka taratibu, akajipangusa vumbi matakoni kama mtoto aliyeanguka. Alikuwa amefanya kazi na Kasonde mgodini miaka tisa, zamu moja, na usiku wa jana alikuwa amekunywa ili apate moyo wa kuja kufanya wajibu wake. "Bana Nkandu, nilidhani..."

"Ulidhani. Basi nenda kadhani kwako."

Akachovya tambara, akapiga magoti, akaanza kudeki kizingiti pale pale kilipokuwa kichwa cha mzee wa watu.

Mambo yalikuwa hivi. Kasonde, mumewe, alikuwa mtu wa pampu, chini kabisa, ngazi ya mwisho ya mgodi. Jumatatu mchana umeme ulikatika, pampu zikasimama, na injini ya akiba ikagoma kuwaka. Maji yakapanda. Wenzake sita walitoka kwa ngazi za chuma, wamelowa hadi kifuani. Kasonde alirudi kufunga valvu moja, hakuonekana tena. Lakini alisikika. Kuanzia Jumatatu jioni alikuwa akigonga bomba la hewa kwa chuma: mara tatu, kimya, mara tatu. Vijana wa uokoaji walimjibu kwa nyundo, na habari ikafika mtaani kwamba anagonga, anagonga bado. Jumanne saa sita mchana akaacha.

Na kwetu msiba haufunguliwi na ofisi, wala na ndugu wa kiume hata awe na mvi mpaka kwenye nyusi. Hufunguliwa na mke. Akitoa kilio, ndipo wanawake wa mtaa huingia na mikeka yao na wanaume wakawasha moto uani. Asipolia, hakuna ruhusa ya kulia. Na mke halii mpaka mwili umeonekana, maana kumlilia mtu asiyeonekana ni kumfukia kwa mdomo. Bana Nkandu hakuyatunga haya. Aliyakuta.

Kwa hiyo ile nyumba ilitakiwa ionekane nyumba ya mtu aliye kazini. Uwanja ulifagiwa. Nguo zilifuliwa. Nshima, ugali wa kwetu, ilipikwa saa zake, na dagaa, na mboga ya majani ya maboga, na walioipika wakaimeza bila kujua ina chumvi au haina. Jumanne ile ile Bana Nkandu alimkalisha Nkandu kitandani, binti wa miaka kumi na mitatu, akamwambia neno moja.

"Ukilia, unamfukia baba yako. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Tangu hapo Nkandu hakulia. Kilio kikimbana, alikwenda kwenye mtungi akanywa maji. Siku ya pili tumbo lake lilikuwa limejaa kama ngoma na alikwenda chooni kila mara, na mama yake hakuuliza.

Mchana wa Jumatano alikuja kijana wa ofisi ya mgodi. Alikuwa amevaa viatu vya kuingilia mgodini, vipya, havijawahi kuona tope. Alimkuta Ba Mubanga, kaka mkubwa wa Kasonde, ameketi sebuleni na kofia mapajani. Ba Mubanga alikuwa amesafiri kutoka Luwingu usiku kucha juu ya lori la mihogo, na tangu afike alikuwa akingoja kitu kimoja tu, shemeji yake alie ili naye apate kulia.

Kijana aliketi ukingoni mwa kiti. Hakujua aanze na salamu gani. Ukimwamkia mtu kwa salamu ya kawaida utaonekana huna utu, na ukimpa pole unaweza kufukuzwa kama Ba Jere. Akaamua kufungua faili.

"Mama, menejimenti imenituma. Kazi ya kutoa maji... maji yametushinda, mama. Yamefika ngazi ya pili. Wataalamu wamesema kesho wanasimamisha."

"Wanasimamisha nini?"

"Kutafuta."

Bana Nkandu alikuwa akichambua mboga. Hakuacha. "Mmemwona?"

"Hapana, mama."

"Sasa mnasimamishaje kumtafuta mtu ambaye hamjamwona?"

"Ndiyo hivyo, mama, kwamba hatutaweza kumwona. Jumamosi kutakuwa na ibada fupi pale mdomoni mwa shimo. Mchungaji amepatikana. Kampuni itatoa shada la maua na..."

"Shada la nani?"

Kijana alimtazama Ba Mubanga, akiomba msaada wa mwanamume mwenzake. Ba Mubanga alitazama kofia yake.

"Kuna karatasi ya kusaini," kijana alisema. "Si kitu, mama. Ni kuonyesha tu kwamba umejulishwa."

Bana Nkandu alijifuta mikono, akaipokea karatasi, akaisoma mstari kwa mstari, kidole kikitembea chini ya maneno. Kidole kikasimama.

"Hapa mmeandika marehemu."

"Ni fomu, mama. Zote ziko hivyo."

"Nenda kaandike nyingine."

"Mama, hii fomu inatoka makao makuu, imechapwa..."

"Basi makao makuu wamwone kwanza. Shika."

Akamrudishia, akarudi kwenye mboga zake. Kijana alisimama. Mlangoni aligeuka akasema, kwa sauti ya chini, kwamba yeye alimjua Ba Kasonde, kwamba siku yake ya kwanza kazini Ba Kasonde ndiye aliyemwazima kofia ya chuma. Huenda alisema kweli.

Alipokwenda zake, Ba Mubanga alisafisha koo.

"Shemeji. Mimi ndugu yangu namjua tangu ananyonya. Unafikiri sitaki awe hai?"

"Sijasema hivyo, Ba Mubanga."

"Kijijini wananipigia simu. Wazee wanauliza, tumefiwa au hatujafiwa? Nawajibu nini? Nawaambia ngojeni. Jana ngojeni, leo ngojeni. Dada yetu amejifungia chumbani, anaogopa hata kupiga chafya asije akasikika analia. Shemeji, watu wote tumekaa koo zimetuvimba kwa ajili yako."

"Si kwa ajili yangu."

"Sasa kwa ajili ya nani?"

Bana Nkandu aliendelea kuchambua mboga. Ba Mubanga alivaa kofia, akatoka, akaenda kukaa barabarani na watu wasiomjua. Huko angalau aliweza kunyamaza bila kutazamwa.

Nkandu alirudi kutoka shule kabla ya saa zake. Aliweka begi juu ya meza na kusimama.

"Mama, wamenitoa."

"Wamekutoa wapi?"

"Kwenye redio."

Hapo ndipo Bana Nkandu alipoacha mboga.

Redio hiyo ilikuwa imesemwa Kalengwe kwa miezi. Ba Sichone, fundi wa simu mstaafu, mwenye leseni ya redio ya ridhaa, ile ya kuongea na watu wa mbali kwa kujifurahisha, na antena inayotisha majirani, aliandika barua miaka miwili mpaka shule yetu ikapangiwa kuongea na wanaanga walio katika kile kituo kinachozunguka dunia. Alhamisi, saa nne na dakika tisa asubuhi. Kituo kingechomoza upande wa Angola na kuzama upande wa Ziwa Tanganyika, na kati ya hapo shule ingekuwa na dakika kumi tu. Watoto kumi na wanne walichaguliwa, kila mmoja na swali lake na namba yake. Nkandu alikuwa wa pili. Tangu Agosti walikuwa wakifanya mazoezi, wakitumia kopo la maziwa kama kipaza sauti: taja jina, uliza, sema "ova," yaani nimemaliza, zamu yako, achia kitufe.

Swali lake aliliandika na baba yake mezani hapo. Kasonde alilirekebisha mara nne, maana alisema mtu wa pampu hawezi kuuliza kijinga. Maji mnayokunywa mnayapata wapi, na pampu ikiharibika nani anaitengeneza?

Bana Nkandu alivaa kitenge chake cha maua mekundu, kile cha kwendea harusi, akajipaka mafuta, akampita kila mtu mtaani kichwa juu. Wanawake waliokuwa wakisuka nywele kibarazani walimsindikiza kwa macho.

"Amevaa mekundu," mmoja alisema.

"Mume yuko chini, mke kwenye maua," mwingine akajibu, lakini alisema akiwa amemwonea huruma, kusema ukweli, na hakumaliza kusuka siku hiyo.

Mwalimu mkuu Hamoonga ni Mtonga wa kusini, mtu mrefu, mwoga kidogo, si mtu mbaya. Alipomwona mlangoni alisimama.

"Karibu, mama. Karibu. Pole sana na..."

"Pole ya nini, mwalimu?"

Mwalimu alitupa jicho dirishani. "Pole na jua."

"Nimeshapoa. Mmemtoa mwanangu kwa nini?"

"Hatujamtoa, mama. Tumempumzisha."

"Amekwambia amechoka?"

Mwalimu alimwomba akae. Hakukaa. Ikabidi naye asimame, na kichwa chake karibu kiguse taa. "Mama, tuongee kama watu wazima. Kesho mkuu wa wilaya atakuwepo. Watu wa mgodi watakuwepo. Hata viti ni vyao. Dakika ni kumi, hazirudi. Mtoto akishika kipaza sauti akaanza kulia, nani atamnyamazisha? Na swali lenyewe, mama! Maji na pampu! Mbele ya watu wa mgodi, wiki hii?"

"Agosti mlilipenda."

"Tulilipenda sana."

"Sasa limeingia nini?"

Mwalimu alitazama ukutani, kwenye ratiba, kama vile jibu liliandikwa huko. "Tungebadilisha swali, lakini maswali yalishatumwa Ulaya kwa waandaaji. Hayabadilishwi."

"Mwalimu, nisikilize. Mimi sijui mambo ya angani. Ila kesho mtaa mzima utakuja hapa. Watauliza, Nkandu yuko wapi? Wataambiwa, amepumzishwa. Kwa nini? Kila mtu atajijibu. Ukimtoa mwanangu, umemlilia mume wangu kabla yangu mimi."

Hamoonga alikuwa ameishi nasi miaka kumi na moja na alijua uzito wa maneno hayo. Alikaa. Akachukua orodha, akaifuta miwani, akaivaa.

"Hatalia?"

"Mwanangu halii."

"Namba mbili nimeshampa Bupe, aliyekuwa wa mwisho, mtoto wa... nimeshampa. Nkandu atakuwa wa kumi na nne."

"Wa mwisho."

"Muda ukitosha."

"Na usipotosha?"

"Utatosha, mama," mwalimu alisema, na kalamu yake ilikuwa tayari inaandika. Ba Sichone alikwishamwambia kwamba maswali kumi na mawili yakipita watashukuru Mungu.

Jioni, Bana Nkandu akipiga pasi sare ya shule, mtoto alisimama upande wa pili wa meza akitazama makaa yanavyong'aa ndani ya chuma.

"Mama."

"Ee."

"Baba anapumua?"

Pasi ilikwenda mpaka kwenye mkunjo wa kola, ikarudi. "Umefanya mazoezi ya swali?"

"Nimefanya."

"Sema nikusikie."

Nkandu alilisema. Mwishoni akasema "ova," akangoja. Mama yake hakujua kwamba hapo ni zamu yake, akaendelea kupiga pasi.

Alhamisi ukumbi wa shule ulijaa mpaka madirishani. Viti vya mgodi vilikuwa vya plastiki, vyeupe, na wazazi waliachiwa mabenchi ya nyuma. Bana Nkandu alikaa mwisho kabisa, na Ba Mubanga kando yake, maana shemeji alisema twende, naye akaenda. Nafasi ya upande mwingine ilibaki wazi. Watu walibanana kwingine, si kwamba wanamchukia. Hawakujua wakae kando ya nani: mke wa mtu au mjane.

Kabla ya kuanza mpiga picha aliwapanga watoto kumi na wanne mbele ya bango. Mwalimu mmoja wa kike alimshika Nkandu bega, kwa upole tu, akamsogeza pembeni.

"Wewe utapigwa baadaye, mwanangu. Hizi zinakwenda gazetini."

Nkandu alisogea. Akasimama karibu na meza ya Ba Sichone, ambaye hakuona lolote la picha. Alikuwa na vipokea sauti masikioni, jasho kwenye kipara, na betri mbili za lori chini ya meza, kwa sababu umeme hakuuamini. Juu ya paa antena yake iligeuka ikilia kama bawaba isiyo na mafuta.

Saa nne na dakika tisa akaanza kuita. Akaita jina la kituo cha angani, akataja lake, akaachia. Mvumo. Akaita tena. Mvumo. Mkuu wa wilaya akakunja miguu. Mara ya nne ikatoka sauti ya mwanamke, nyembamba, yenye mikwaruzo, ikisema imewasikia Kalengwe vizuri na inawasalimia wote. Ukumbi ukalipuka kwa makofi, na Ba Sichone akapiga meza kwa hasira wanyamaze, maana kila kofi lilikuwa linakula sekunde.

Mtoto wa kwanza aliuliza kuhusu chakula, akajibiwa. Akaja Bupe. Bupe alipewa namba mbili jana yake tu, na mazoezi mengi aliyakosa. Aliuliza swali lake vizuri sana, kwa Kiingereza cha kupendeza, kisha akasimama akitabasamu. Hakusema ova. Kidole chake kilibaki kwenye kitufe. Kule juu mwanamke alingoja amalize. Huku chini watu wote walingoja jibu. Wote wakangojana hivyo, sekunde zikapita, karibu dakika nzima, mpaka Ba Sichone alipokishika kidole cha mtoto akakibandua.

Maswali mengine yakaenda mbio. Mnalalaje, mnaogopa, mnaiona Afrika, nywele mnazioshaje. Mwanamke alijibu kwa kifupi na alicheka mara mbili. Watu walisahau kila kitu. Hata Ba Mubanga aliinua uso. Kufikia swali la kumi sauti ilianza kufifia, na lilipofika la kumi na tatu watu walikuwa wakiinama mbele kuisaka.

"Kumi na nne," Ba Sichone alinong'ona. "Haraka, mama, haraka."

Nkandu alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Mwalimu Hamoonga alifumba macho. Watu wa mgodi walitazama viatu vyao.

"Naitwa Nkandu. Maji mnayokunywa mnayapata wapi, na pampu ikiharibika nani anaitengeneza? Ova."

Alisema wazi, hakutetemeka. Akaachia kitufe kama alivyofundishwa.

Mvumo ulijaa ukumbini. Si sauti, si neno, mvumo tu, kama mvua inayonyesha mtaa wa pili. Nkandu hakuondoa macho kwenye kile kisanduku. Ba Sichone alimwashiria asubiri, akasogeza kitasa kidogo, akaita mwenyewe. Mvumo. Akaita mara ya pili. Huko nyuma Bana Nkandu alikuwa amesimama, hakujua amesimama saa ngapi. Ba Sichone akaita mara ya tatu, akangoja, akatazama saa yake ya mkononi. Kisha akavuta kipaza sauti karibu na mdomo, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kupaza:

"Asante kwa kuongea nasi. Safari njema. Kituo cha Kalengwe kinafunga."

Akazima, akaandika saa kwenye daftari lake. Mkuu wa wilaya akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, viti vikasukumwa, soda zikaanza kufunguliwa. Bana Nkandu alipita katikati ya watu mpaka mezani.

"Baba," alimwambia Ba Sichone, "mbona umemuaga na hakusikii?"

Mzee alivua vile vya masikioni. Alimjua ni nani. Alijibu kama alivyokuwa akiwajibu wanafunzi wake wa simu, taratibu.

"Ndiyo kawaida yetu, mama. Unaita. Asipojibu unaita tena, unaita na ya tatu. Kisha unaaga, unafunga."

"Na kama alikuwa anajibu, ila ninyi ndio hamsikii?"

"Inawezekana. Lakini ameshapita, mama. Saa nne na dakika kumi na tisa amezama. Nikiendelea kuita naita hewa."

"Usipomuaga inakuwaje?"

"Usipofunga, wengine wote wanaosikiliza wanafikiri bado unamngoja. Kwa heshima yako hakuna anayeongea. Wanabaki kimya tu, hawajui mpaka lini." Akafunika daftari. "Kumuaga si kumfukuza. Ni kuwafungulia waliobaki."

Bana Nkandu aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyeelekezwa njia. Alimtazama Ba Mubanga kule nyuma, amekaa peke yake kwenye benchi, kofia mapajani. Alimtazama mtoto, ambaye alikuwa ameshika kikombe cha maji cha Ba Sichone na anakunywa, anakunywa. Usoni pa mama hapakubadilika kitu. Akaenda mpaka kwa mwalimu Hamoonga, aliyekuwa akimfungulia mkuu wa wilaya soda ya machungwa.

"Mwalimu, samahani. Naomba ruhusa ya mtoto."

"Ruhusa ya wapi, mama?" Mwalimu alikuwa na furaha, jasho linamtiririka, mambo hayakuharibika. "Amefanya vizuri sana huyu! Sasa hivi tunampiga picha."

"Tumefiwa," Bana Nkandu alisema.

Mwalimu alibaki na chupa mkononi. Wale wa mgodi walinyamaza, kisha waliokuwa nyuma yao, kisha ukumbi mzima. Nkandu alishusha kikombe. Alimtazama mama yake usoni, kuhakikisha kwamba amesikia sawasawa, na mama yake akamwambia, "Ndiyo, mwanangu. Sasa lia."

Nkandu akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, mbele ya mkuu wa wilaya na watu wa mgodi na viti vyao, na hakuna hata mmoja aliyemwambia anyamaze.